Saa janja ya mapigo ya moyo kwa wazee: nyota 3, ila presha yake msiiamini

Hii saa tulimnunulia mzee pesa ya korosho ilipotoka, elfu hamsini na tano, duka la simu hapa Mtwara mjini. Ni ya Kichina, jina lenyewe sijawahi kulisikia, na muuzaji alitupamba kwelikweli eti inapima mapigo, hatua, usingizi, oksijeni, presha, bado kidogo aseme inapima na malaria.

Mzee ana miaka 68, ana presha, na daktari alimwambia atembee, zile dakika 150 kwa wiki wanazosemaga, kwahiyo akishaswali alfajiri anatoka zake Shangani anafuata njia ya ufukweni kabla joto halijapanda. Anaenda peke yake na ni mbishi, ndo maana tukaona avae kitu.

Mapigo na hatua iko poa. Tulihesabu wenyewe kwa vidole dakika nzima tukalinganisha, tofauti ndogo sana, ila mkanda ukaze, ukilegea inaandika maajabu, mzee kakaa anakunywa chai inasema 160.

Presha sasa, uongo mtupu. Inampa 118 kwa 76, nikamvalisha mjukuu wa darasa la nne ikaandika hiyohiyo, tukampima mzee kwa mashine ya kufunga mkono wa juu ikaja 152 kwa 94. Mtu akiamini saa si ataacha dawa huyo?

Na kuna hili lilinikera kuliko yote. Saa inakadiria mapigo ya juu kabisa ya mtu kwa dakika, inachukua 220 inatoa umri, kwa mzee inabaki 152, halafu inataka afike asilimia 50 hadi 70 ya hapo, yaani kama 76 mpaka 106, akiwa chini inatetema aongeze mwendo. Mzee anameza atenolol jamani! Ile dawa inazuia mapigo yasipande, kwahiyo mtu anahema maneno yanakatika na saa inaonyesha 74 inamwambia kazana. Nesi wa kliniki ndo katushtua, akasema namba hizo kwake hazifai, msikilizeni anavyoongea, akiweza kupiga stori ila kuimba hawezi basi mwendo huo unamtosha, akishindwa kumaliza sentensi apunguze. Aanze mdogomdogo kama dakika kumi na akimaliza asisimame ghafla, apunguze mwendo kwanza. Kifua kikibana, jasho baridi, kizunguzungu, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkononi, hapo anaacha kutembea, anakaa chini, anapelekwa hospitali haraka, saa iandike itakachoandika.

Mtetemo tumeuzima. Mwenyewe anaipenda balaa, anawaringishia hatua zake wenzake wa bao, na chaji inakaa karibu wiki. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, nunueni mashine ya presha ya mkono wa juu kwanza, saa baadae. Alafu ule mkanda wa mpira kwa jasho la huku unatoa vipele, tafuteni wa kitambaa.