Ramani ya kulungu: mara ya kwanza niliunguza hela

Shamba ni la baba mkwe, eka 62 za msitu kaskazini mwa Pennsylvania. Mimi ndiye naliangalia, na kero yetu ni kulungu wanaomaliza miche ya mialoni. (Kulungu wa huku si yule wa kwetu. Dume wake huangusha pembe kila mwaka, zikaota nyingine.) Mzee alitaka ramani ya makazi yao kabla hatujaomba vibali vya kuvuna majike zaidi kupitia DMAP, mpango wa jimbo.

Kwanza tuliagiza mtandaoni, dola 350. Ramani ikaja kwa siku nne, rangi kama kanga mpya. Mteremko wa mashariki wameuandika "malisho bora". Nikaenda kutazama. Makangaga matupu, yamenifika kiunoni! Kulungu hawayagusi hayo. Palikatwa mbao zamani, picha ya angani ikaona kijani, basi. Nilipolalamika nikajibiwa kompyuta ndiyo iliyopanga. Hela haikurudi.

Safari ya pili tukampata mama mmoja mtaalamu wa misitu, anajitegemea, dola 600. Alikuja Aprili, majani hayajachipua, akatembea saa sita na jipiesi mkononi. Akachuchumaa penye kichipukizi kilichoumwa: ncha imechanika, ina nyuzinyuzi. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huchana. Sungura hukata safi kama kwa kisu. Nami niliyechunga mbuzi Handeni miaka yote ile sikuwahi kulifikiria!

Ramani yake haina mbwembwe. Inaonyesha hemloki, miti isiyopukutisha majani, kulungu wanakojikinga na theluji, njia zao, na mialoni myeupe, ambayo kokwa zake huzipenda kuliko za mwaloni mwekundu kwa kuwa si chungu sana. Akatuwekea alama pa kuzungushia waya. Kufika Septemba, ndani ya waya nilihesabu miche 14 ya mwaloni, imepita kifundo cha mguu. Nje, hatua mbili tu kutoka hapo, miwili, yote imekatwa kichwa.

Kasoro zipo. Alichelewa wiki tatu, na maandishi ni madogo mno, mzee anasoma kwa lenzi. Halafu mafuta ya gari alidai pembeni, dola 40, hatukuambiwa mapema. Nampa nyota nne. Mwakani namwita tena, ila safari hii tutaelewana habari ya mafuta kwanza.