DHIS2 kwenye seva yako: mfumo imara, ila linganisha matoleo kwanza

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, hutolewa bure kama faili moja la WAR, yaani programu ya Java iliyofungashwa. Kwa anayeijua Linux, kuusakinisha ni kazi ya saa chache, mradi asikimbilie kupakua kabla ya kulinganisha matoleo.

Hapo ndipo wengi hukwama. Toleo la 41 linataka Java 17 na Tomcat 9, seva inayoendesha programu za Java. Toleo la 42 linataka Tomcat 10.1. Tomcat 10 ilihama kutoka majina ya vifurushi vya Java ya javax kwenda jakarta, kwa hiyo WAR ya zamani ukiiweka humo haiamki: kivinjari kinakupa 404 tupu, nawe unaanza kuilaumu hifadhidata isiyo na kosa. Kumbuka Ubuntu 22.04 huja na Tomcat 9, na 24.04 huja na Tomcat 10. Chagua toleo la DHIS2 kwanza, Ubuntu baadaye.

Hifadhidata ni PostgreSQL yenye PostGIS, kiongezi cha data za ramani. Tengeneza mtumiaji dhis asiye na mamlaka makubwa, umilikishe hifadhidata yenye usimbaji wa UTF8, kisha uingie kama postgres na uendeshe CREATE EXTENSION kwa postgis, pg_trgm na btree_gin. Mtumiaji dhis hana ruhusa ya kuiwasha PostGIS mwenyewe, na ikikosekana, ujenzi wa majedwali hukatika katikati mara ya kwanza mfumo unapowaka.

Faili la mipangilio, dhis.conf, hukaa /opt/dhis2, nalo ni fupi:

connection.dialect = org.hibernate.dialect.PostgreSQLDialect
connection.driver_class = org.postgresql.Driver
connection.url = jdbc:postgresql:dhis2
connection.username = dhis
connection.password = (nenosiri)
encryption.password = (herufi 24 au zaidi)

Mstari wa mwisho uheshimu sana. Ukiubadilisha baada ya kuanza kazi, data iliyosimbwa kwa ufunguo wa zamani haisomeki tena. Hifadhi nakala yake nje ya seva. Faili lenyewe lipe ruhusa 600 na mmiliki awe tomcat.

Kasoro inayochosha kuliko zote inatoka kwa Ubuntu, si kwa DHIS2. Huduma ya Tomcat iliyofungashwa humo imefungiwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, isiandike nje ya folda zake, kwa hiyo hata ukiweka chown sahihi, /opt/dhis2 bado haiandikiki. Fungua systemctl edit tomcat9, chini ya [Service] ongeza ReadWritePaths=/opt/dhis2, kisha uiwashe upya.

Kwa seva ya GB 16, Java ipewe -Xmx6g (kumbukumbu ya GB 6) na shared_buffers (kumbukumbu ya pamoja ya PostgreSQL) iwe 4GB, na jit yake izimwe. Kila usakinishaji wa DHIS2 unaweza kufungua miunganisho 80 ya hifadhidata, ilhali PostgreSQL huruhusu 100 tu usipoigusa. Ukiweka mfumo wa kazi na wa mafunzo pamoja, siku ya msongamano mmoja utakataliwa. Pandisha max_connections hadi 200.

Uthabiti wa DHIS2 baada ya hapo unastahili sifa: majedwali hujisasisha yenyewe unapopandisha toleo. Ninachoulaumu ni ukimya wake unaposhindwa. Skrini haisemi kitu. Majibu yote yako kwenye catalina.out, faili la kumbukumbu za Tomcat, na mara nyingi kosa la kweli ni ule mstari wa “Caused by” wa chini kabisa.

Ukishaingia kwa admin na district, badilisha nenosiri hilo hapo hapo, maana dunia nzima inalijua. Ripoti zikionekana tupu wakati data ipo, hujaharibu kitu: majedwali ya uchambuzi hayajazalishwa. Yapangie ratiba ya usiku. Na kwa kuwa huzalishwa upya, yaache nje ya nakala ya akiba: pg_dump -T 'analytics*' -T '_*' hupunguza ukubwa wa faili kwa kiasi utakachokiona mara moja.