Residensi ya wasanii bondeni Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro: mchoraji soma hapa kabla hujatuma advansi

Kwanza niwatoe ushamba wale wa kuniuliza kila siku, residensi ya kujiongoza maana yake unalipia chumba na studio, basi. Hakuna mwalimu, hakuna ratiba, hakuna maonyesho ya kulazimishana siku ya mwisho. Kuna watu wanaona hapo wamepigwa, mi naona ndo uzuri wenyewe, maana warsha nyingi za kwetu Chuga (Arusha) unapewa mada, cheti na picha ya pamoja halafu kazi yako mwenyewe hujaigusa. Ila ukienda huna kitu kichwani utaboeka vibaya mno, kuna dogo wa chumba cha pili alikuwa anashinda anatafuta netiweki kwenye migomba na simu juu.

Sehemu yenyewe ni kihamba cha kweli, shamba la nyumbani la Kichaga, ndizi juu kahawa chini, na mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita pembeni ya studio. Na hapo wenyeji wako siriasi, ukionekana unaosha brashi za tapentaini kwenye mfongo utasemwa wiki nzima, na wana haki, yale maji yana zamu na huko chini kuna watu wanayanywesha ng'ombe na kumwagilia mboga. Studio ina ndoo ya maji machafu, itumie.

Sasa studio, hapa ndo pa kuongelea. Dirisha ni kubwa, linatazama kaskazini mlimani, na mwenyeji wetu anajisifu kwamba ndo dirisha la wachoraji. Sawa, Ulaya huko, jua lao halipiti kaskazini. Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo siku ukungu ukiachia mchana linaingia moja kwa moja linakupiga kwenye kanvasi na rangi zote zinadanganya, tulining'iniza shuka. Mwezi wa kwanza na wa pili jua limehamia kusini, dirisha hilohilo linatoa mwanga mtulivu siku nzima, yaani studio ileile inakuwa nyingine kabisa.

Na baridi ya Julai kule juu usiichukulie poa. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka kama nguo, inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na ubaridi unachelewesha hilo zoezi, kwa hiyo nikawa na kazi zimeegemea ukuta zinanata tu wakati mwenzangu wa akriliki anapaka, anakunja, anaendelea na maisha. Masika ndo usiguse kabisa, machi mpaka mei barabara ni utelezi na bodaboda anakushusha mbali anakwambia malizia mwenyewe, na begi la rangi mgongoni.

Msosi unajipikia, jiko la gesi lipo la kushea na sufuria zinatosha. Mama wa nyumba ya jirani ukimwambia mapema anakupikia mtori au kiburu kwa bei ya kawaida kabisa, msalimie vizuri tu, shikamoo kwanza shida baadae. Umeme unakatika jioni, njoo na pawabenki.

Nilichokereka nacho ni advansi. Wanataka nusu kwa simu kabla hujafika na hairudi hata ukiahirisha, na hilo hawakuambii mpaka umeshatuma. Ulizeni kwanza na mpate jibu la maandishi.

Bei kwa wiki haitofautiani sana na gesti ya maana Moshi mjini, na gesti haikupi meza ya kuchafua rangi. Mi nimeshaongea nao wanishikie Januari, studio ya dirisha kubwa, na safari hii nabeba rangi zangu zote za mafuta. Wachongaji mkitaka kwenda ulizeni kwanza habari ya kelele, chumba cha kulala na studio vimetenganishwa na mbao tu.