Boti nzuri, ngazi hakuna: siku mbili kutoka Mbita hadi Takawiri

Nimebebwa mgongoni na watu wawili tu maishani. Wa kwanza ni mama yangu. Wa pili ni kijana mmoja wa Mbita, hata thelathini hajafika, aliyeinama mbele yangu maji yakimfika magotini akaniambia, "Panda tu, mathe. Jana nilibeba saruji." Mimi ni muuguzi mstaafu, nina kilo 84, na kwa miaka 34 kazi ya kuinua watu ilikuwa yangu. Nikapanda. Mzee wangu, yaani mume wangu, alicheka mpaka akakohoa, kisha zamu yake ikafika.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lalamiko langu kubwa, nalitaka lisomwe kabla ya sifa. Vijana hawa wa boti wanajitangaza kuwa wanapeleka wazee na wastaafu kutoka mji wa Mbita hadi visiwa vya Ziwa Victoria. Boti yao ni nzuri, ya mbao, imepakwa rangi ya samawati na kuchorwa jicho jeupe mbele, ina injini yenye nguvu na kivuli cha turubai. Ngazi haina. Ubavu wake unanifika kifuani. Kuingia unabebwa, kisha unasukumwa kwa nyuma na mtu usiyemjua. Kutoka unajiachia ukimwomba Mungu. Mtu wa miaka 25 ataona ni mchezo. Mtu ambaye nyonga yake imeanza kulia kama mlango wa mabati haoni mchezo wowote hapo. Nilimwambia kapteni kwamba fundi yeyote wa mbao pale Mbita atamtengenezea ngazi ya vidato vitatu kwa siku moja. Akasema atafanya. Ndiyo maana siwataji jina hapa. Nimewapa hadi Desemba.

Sasa tulifikaje huko. Nilipostaafu, watoto walitaka kutupeleka Mombasa. Mzee akakataa. Yeye aliendesha lori kati ya Nakuru na Mombasa miaka kumi na tisa, na anachokumbuka ni foleni ya mizani ya Mariakani. Wifi yangu aliyeolewa Kisumu ndiye aliyesema, mbona mwende mbali, mchanga mweupe uko hapa kwetu, kisiwani Takawiri. Sikumwamini. Kwa watu wa ziwa, bichi ni mahali samaki wanaposhushwa. Ukimwambia mtu wa Kisumu unaenda bichi atakuuliza unanunua mbuta au omena. Mimi picha niliyokuwa nayo ya bichi ya ziwa ni matope, korongo marabu wamesimama kama walinzi, na harufu inayokufuata hadi kwenye matatu.

Tulilala kwa wifi, tukaondoka alfajiri kwa barabara ya Bondo hadi Luanda K'Otieno, tukavuka kwa feri hadi Mbita, karibu saa nzima majini. Tulikuwa wanne: sisi wawili, wifi na mumewe. Bei ilikuwa Sh22,000 kwa wote, siku mbili, pamoja na mafuta, malazi ya usiku mmoja na chakula. Nusu tulituma kwa M-Pesa mapema, nusu tulilipa tuliporudi salama. Mpango huo wa kulipa nusu uliniridhisha kuliko maneno yote ya kwenye tangazo.

Usalama, nitasema kama mtu aliyezoea kukagua wodi. Majaketi ya kujiokolea yalikuwa kumi na manne kwa boti ya watu kumi na wawili. Nilihesabu, nikajaribu kila kifungo. Mawili yalikuwa na vifungo vilivyovunjika, nikayatupa kando, na hakuna aliyeninunia. Kapteni alituvalisha mwenyewe kabla ya kuwasha injini, akavuta kila mkanda kwa nguvu. Wifi akalalamika kwamba linamharibia blauzi. Akajibiwa kwa adabu kwamba basi boti haitaondoka. Watu wa umri wetu hatujaisahau MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza mwezi Mei 1996 ikaua mamia, kwa hiyo wifi alipotazama huku na huku akitafuta wa kumtetea, hakumpata.

Kilichonifanya niwape alama nyingi ni jinsi kapteni anavyosoma upepo. Sisi tulitaka kuanza tukiwa tumekunywa chai, tumenyoosha miguu. Yeye alisema mapema iwezekanavyo. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, maji yanakuwa laini. Jua likishapasha nchi moto, upepo unageuka, unaanza kutoka ziwani, na ziwa lenyewe si bwawa: lina kilomita za mraba kama 68,800, na Kenya tumepata asilimia sita hivi tu. Upepo ukitoka huko kwa wenzetu una nafasi ya kutosha kujenga mawimbi kabla ya kukufikia. Siku ya pili tulimbembeleza atuache mchangani hadi alasiri. Akakataa. "Mama, saa saba nataka kamba iwe imefungwa Mbita." Tulinung'unika njia nzima. Saa nane na nusu, tukiwa tumeketi kwenye kibanda Mbita na soda mkononi, tuliona ziwa limejaa povu jeupe na mashua moja ya wavuvi ikipanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Mzee aliondoa kofia bila kusema neno.

Kabla ya Takawiri walitupitisha kisiwa cha ndege, Mbasa. Miamba yote imegeuka nyeupe kwa mavi ya mnandi, na uvundo wake unakufikia kabla ya boti. Dakika kumi zinatosha. Kapteni alipiga mluzi, akarusha samaki mdogo, ngege, hewani, na kwazi mmoja, yule tai mla samaki, akashuka toka mtini akamnyakua juu ya maji bila kulowesha kifua. Shemeji alikuwa bado anatafuta kamera kwenye simu.

Halafu Takawiri. Nitakaa hapa kidogo.

Boti iliingia polepole, injini ikazimwa, na ukimya ukaja kwa ghafla hadi nikasikia masikio yangu. Mchanga ni mweupe kweli, laini kama chumvi ya kusaga, na nyuma yake kuna minazi. Minazi, Nyanza! Watu hawakuwepo. Mbali upande wa kushoto wanawake wawili walikuwa wakianika omena juu ya nyavu, na ng'ombe watatu walishuka wenyewe kunywa maji, wakatutazama, wakarudi. Hakuna muziki, hakuna anayekuuzia shanga, hakuna kijana anayetaka kukupiga picha kwa shilingi hamsini. Kwa mtu aliyekaa miaka 34 akiamshwa na kengele za wagonjwa, ukimya wa namna ile nusura uniogopeshe.

Mzee alivua viatu. Miguu ya mzee wangu haijaona jua tangu Kibaki awe rais, na ilionekana hivyo. Akaingia hadi kwenye vifundo, akainama, akateka maji kwa kiganja, akaonja. Akageuka akapaza sauti, "Haina chumvi!" Mimi nimeolewa na mtu aliyejua hesabu ya kila kituo cha mafuta kati ya Salgaa na Changamwe, na siku hiyo alishangaa maji ya ziwa kuwa matamu. Aliyaonja tena. Nilimkemea, maana hayo maji ng'ombe wametoka kuyaingia.

Mimi nilikuwa naokota makombe. Mjukuu wangu alitaka makombe ya "bahari ya bibi". Nikaokota moja refu lenye ncha, zuri, jingine, halafu nikaokota dogo bapa, limejiviringa kama mkanda uliokunjwa, na furaha ikaniisha. Huyo bapa namjua kutoka darasani na kutoka kwenye vitanda. Ni ndugu wa konokono wanaobeba kichocho. Nikampelekea kapteni kiganjani. Akasema, "Hapa ni mchanga, mama, kichocho hakuna." Nikamwambia ana nusu ya ukweli. Konokono hawa wanapenda maji yaliyotulia na magugu. Ufuo wa mchanga unaopigwa na mawimbi hauwafai sana. Lakini ncha ya ufuo ina matete, na matete hayako mbali. Vijidudu vyenyewe hutoka kwa konokono zaidi jua likipanda, kuelekea saa sita, na vikikupata majini vinapenya ngozi kwa dakika chache. Wewe husikii kitu, labda mwasho.

Basi tuliogelea, sisemi hatukuogelea. Sikusafiri toka Nakuru nikatazame. Tulioga saa mbili asubuhi ya siku ya pili, katikati ya ufuo kwenye mawimbi, mbali na matete, dakika kumi na tano. Na dawa tutameza. Ila prazikwanteli, dawa ya kichocho, haimezwi kesho yake, hapo ndipo wengi hukosea. Inaua minyoo ya kichocho iliyokomaa, ile michanga inaiacha. Subiri wiki sita hadi nane ndipo uende ukapimwe na upewe dozi kulingana na uzito wako. Kampuni inayopeleka watu kuogelea ziwani ingefaa kuwaambia hayo. Hawa hawakutuambia. Niliwaambia mimi, na yule kijana aliyenibeba akaniuliza pembeni, sauti ya chini, kuhusu damu anayoiona chooni. Nimemwelekeza aende kituo cha afya na nimempigia simu mara mbili kuuliza kama ameenda. Ameenda.

Nikitaja choo: pale ufuoni hakipo. Kipo nyuma ya miti, hatua mia mbili nilizozihesabu, mlango wa bati usio na komeo. Mmoja anaingia, mwingine anashika mlango. Maji ya kunawa yalikuwepo kwenye dumu, sabuni haikuwepo. Nilitoa yangu nikaiacha pale, nikaifunga kwa kamba ili isitembee.

Tulilala kwenye banda safi, shuka zimenyooshwa, chandarua kikiwa na matundu matatu. Ukanda huu una malaria kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, kwa hiyo tundu la chandarua si jambo dogo. Niliyafunga mafundo kwa mipira ya nywele. Usiku lakini! Tulikwenda Agosti, marufuku ya kuvua omena ya Aprili hadi Julai imeisha, na wavuvi walikuwa wametapakaa ziwani na taa zao. Ukikaa mlangoni unaona kama mji mzima umejengwa juu ya maji, taa zinasogea kidogo kidogo. Mzee alidhani ni Homa Bay. Tulimwacha adhani hivyo hadi asubuhi.

Chakula sina neno. Ngege alifika akiwa bado anatapatapa, akapikwa na nyanya na kitunguu tu, ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, wa kushibisha. Wifi, ambaye hakubali samaki wa mtu mwingine, aliomba kuongezewa supu. Omena ilikaushwa vizuri, haikuwa na mchanga, na hilo kwa anayejua omena ni sifa kubwa.

Siku ya pili, baada ya kuoga, walitupeleka kisiwa cha Mfangano upesi. Wanaume walipanda hadi Kwitone kuona michoro ya kale kwenye mwamba, miduara myekundu na myeupe. Mimi na wifi tulibaki Sena kwa sababu ya magoti. Walirudi wakihema, mzee akasema inafanana na tairi. Shemeji, mwalimu wa zamani, alikasirika. Hatukupata nafasi ya kusimama Rusinga kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Julai 1969, ingawa lilikuwa kwenye ratiba. Shauri ya upepo uleule. Shemeji analidai hadi leo. Mimi nadhani kapteni alifanya sawa kulifuta, ila angetuambia tangu jana yake ili tuamke mapema zaidi.

Kwa nyota, nawapa nne kati ya tano. Wakiweka ngazi nitaongeza nusu, na sabuni nusu iliyobaki. Ukienda, chagua siku za katikati ya wiki. Beba kofia yenye kamba, viatu vya mpira unavyoweza kuvilowesha, dawa zako za presha kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na pesa kidogo mkononi kwa sababu mtandao wa simu kisiwani unakuja na kuondoka. Usibebe begi la magurudumu kama wifi; lilibebwa kichwani kuliko lilivyobingirishwa. Na wakikupikia chai, waambie mapema wasitie sukari, maana huichemsha nayo, na ile waliyoweka ingetosha wodi nzima.