Stauti ya ukwaju huko Nyali: niliomba moto nikaletewa barafu

Naandika hii nikiwa bado nina hasira kwa hivyo nikiruka ruka mtanivumilia. Kuna bia nyeusi ya ukwaju, kali, ya hawa watengenezaji wadogo wa humu humu Kenya, si ya kampuni kubwa, imeanza kuonekana kwenye baa kadhaa za Nyali na Bamburi. Mimi nilikuwa naitafuta tangu niliposikia habari zake manake stauti, hizi bia nyeusi, napenda na ukwaju nimekulia, na sikuwahi kuwaza kuna mtu atavikutanisha kwenye chupa moja. Jibu fupi kwa wenye haraka: bia ni nzuri, baa niliyoinywea usiende. Jibu refu ndilo hili.

Nilienda na binamu yangu wikendi moja hapa karibuni, baa ya wazi wazi, makuti juu, taa nyingi, muziki si wa kelele, jina silitaji. Akaja weita, kijana tu, nikamwambia kaka naomba ile ya ukwaju, moto, yaani isiyotoka kwenye baridi ya friji. Sasa mtu yeyote aliyewahi kuketi baa Kenya hii anajua swali la kwanza ni baridi ama moto, utaulizwa hata kwenye baa ya mabati ndani ndani Kisauni kabla hujavuta kiti vizuri. Huyu akanitazama kichwani mpaka viatuni, akanipa mgongo, akamgeukia binamu yangu: "Boss, kweli huyu anataka moto?" Mimi niko hapo hapo! Binamu akamwambia muulize mwenyewe. Ndipo akanijibu, na maneno yake nimeyashika mpaka leo: "Mamaa, hapa hatuuzi moto. Moto nenda mangweni. Hapa wanakuja wazungu."

Mangweni, kule kwenye vilabu vya pombe ya mnazi. Kwanza mangweni watu wanaheshimiana kuliko hapo kwenu, mgema wa mnazi hawezi kumwambia mteja wake vile. Pili hao wazungu anaowataja ndio wenye bia hizi nyeusi, stauti asili yake ni Uingereza, ilitoka kwenye zile pota, bia za rangi nzito za London za miaka ya 1700, na kule bia nyeusi kali hainywewi ikiwa barafu, inatolewa kwenye ghala la chini ya nyumba, nyuzi 10 hadi 13 hivi. Nikajaribu kumweleza, tena kwa upole, wallahi kwa upole, kwamba sitaki iliyochemka, najua moto ya Mombasa si sawa na moto ya Limuru kwenye baridi, hapa chupa ikikaa kaunta mchana kutwa inakuwa kwenye nyuzi 30 na hiyo pia si sawa, basi nipe iliyo chini kabisa ya friji au uitoe sasa ikae kidogo. Akaondoka nikiwa katikati ya sentensi.

Alichorudi nacho sasa. Chupa imetoka friza, si friji, friza ile ya kuku na samaki, ndani yake unaona kabisa vipande vya barafu vinaelea, na mjue bia yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya Tusker, na Tusker ni asilimia 4.2, haigandi kirahisi, ikifika kuganda ujue ililala humo. Na glasi nayo imetoka friza, nyeupe kwa barafu. Akaifungua kabla sijafungua mdomo, povu likapanda lote likamwagika mezani, likaingia kwenye mkoba wangu, robo ya bia ikaenda hivyo, sori hakusema, akapangusa na kitambaa kile kile cha meza zote akaenda.

Nikaonja. Hakuna kitu. Baridi, gesi, uchungu kidogo nyuma ya ulimi, basi. Watu wanadhani haya ni maringo lakini si maringo, baridi kali inaua ulimi na inazuia harufu kutoka, utamu unapotea unabaki na gesi na uchungu peke yake, ndiyo maana lager, zile bia nyepesi kama Tusker, inavumilia friji na stauti haivumilii. Mtu amechoma shayiri mpaka ikawa nyeusi kama kahawa, akakaa na hamira yake wiki nyingi akisubiri, akatafuta ukwaju akaupika humo, halafu wewe kwenye hatua ya mwisho kabisa, ya kumimina tu, unaitia friza! Iliniuma kama pesa yangu imeibiwa mfukoni.

Nikasema sinywi, naisubiri. Nikaikumbatia ile glasi kwa viganja vyote viwili, tukaagiza mishkaki. Yule kijana akarudi, hakuulizwa, akanyoosha mkono kuichukua glasi: "Hii imekushinda mamaa, si ya akina mama, nikuletee sida ya tufaha?" Nikamwambia weka mkono chini. Baada ya muda akaja tena ati tunafunga, na wakati huo haijafika hata saa tatu unusu, na sheria ya pombe ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, saa ya baa kufunga ni saa tano usiku. Yaani alitaka nitoke tu.

Lakini hebu niseme ya bia, manake bia haina kosa.

Ilipofika kama nusu saa ile glasi imeacha kutoa jasho nikainusa tena na nikashtuka. Harufu ilikuwa imefunguka: kahawa tungu isiyo na sukari kwanza, halafu sukari guru, halafu kwa mbali tende. Ukiweka mdomoni ni nzito, inakaa, uchungu wa kuungua unakuja mbele na ukidhani ndio mwisho unasikia ukwaju pembeni mwa taya, ule ukali unaotoa mate. Na si ukwaju wa juisi, si ule mwepesi wa kunywa na barafu mchana wa jua. Ni ule mweusi uliokaa, unaonata vidoleni, ambao sokoni Kongowea wanauuza umefinyangwa na mbegu zake. Halafu unameza na kifua kinapata joto polepole. Nilinyamaza kabisa, binamu akaniuliza kuna nini.

Kwa wale watakaoonja wakaogopa ule uchachu, msiirudishe. Bia iliyoharibika pia ni chachu lakini inajionyesha, inanuka siki au inanuka jibini, na ikifunguliwa inatoka povu bila kukoma hata kama haikutoka friza. Uchachu wa hii ni safi, unakuja unaondoka, ukwaju una asidi ya tataliki ile ile iliyomo kwenye zabibu, kwa hivyo mpenzi wa waini nyekundu ataielewa haraka kuliko mnywaji wa lager. Na hapo ndipo naona huyu mtengenezaji ana akili, stauti kali kawaida tatizo lake ni utamu mwingi unaochosha, glasi moja umeshiba, huku ukwaju unaukata ule utamu na mkono unarudi wenyewe kwenye glasi. Bora kuliko zile za vanila na chokoleti wanazoiga kutoka Marekani. Kwa nini tuhangaike na vanila wakati mkwaju uko nyuma ya kila nyumba ya pwani?

Ingawa nikiwa mkweli mwishoni mwishoni bado kuna utamu umezidi kidogo. Ningependa waongeze ukwaju, wasiogope, watu wa Mombasa tunakula viazi karai vikiogelea kwenye ukwaju, hatuogopi. Hilo tu.

Sasa bili. Bei ilikuwa kama chupa tatu za bia ya kawaida, sawa, sikugombana na bei, kazi ya mikono ni ghali. Nikaomba kuonana na meneja. Akaja mama mmoja mtu mzima, nikafikiri hapa tutaelewana, nikamweleza yote, friza, povu kwenye mkoba, maneno ya mangweni. Unajua alichoniambia? Kwamba vinywaji vyote vinakaa friza kwa sababu ya joto la Mombasa na wateja hawajawahi kulalamika, halafu kuhusu kijana wake akasema "ndivyo alivyo, mzoee." Nimzoee! Nimelipa pesa yangu kwa M-Pesa, sikukopa, halafu nimzoee? Akaniambia ataniletea nyingine ya bure niridhike. Ikaletwa. Kutoka friza. Na barafu ndani. Nikaiacha mezani vile vile haijafunguliwa nikasimama.

Nlikuwa nimeapa sitaigusa tena hiyo bia manake kila nikiikumbuka namuona yule kijana. Kiapo hakikufika mbali. Nikaikuta kwenye duka moja la waini na spiriti huku kwetu upande wa Tudor, bei chini sana kuliko ya baa, nikachukua chupa kadhaa. Ya kwanza nikaiweka sehemu ya mboga kwenye friji, nikaitoa kabla sijaanza kupika, nikanywea kwenye glasi pana ya waini, na ilikuwa nzuri zaidi ya ile ya baa, zile tende niliambulia kwa mbali hapa zilikuwa mbele kabisa. Kwa nyama choma inashindana, mimi sikupenda, mishkaki ni sawa lakini isiwe na pilipili nyingi. Ukitaka kuifaidi inywe na kashata ya nazi, ile nyeupe isiyo na rangi. Msicheke, jaribuni.

Kwa hivyo nilivyosema pale juu kwamba bia ni nzuri naongeza sauti: kwa bia nyeusi za humu nchini nilizoonja sijapata ya kuipita, labda moja, na hiyo moja sina hakika nayo tena. Na nilivyosema baa usiende, binamu yangu ananiambia nimezidisha, ati chakula chao kilikuwa kizuri na mishkaki ilikuwa laini. Ni kweli mishkaki ilikuwa laini. Ukienda agiza mishkaki na soda, ile ya ukwaju usiiagize pale mpaka usikie kwa masikio yako weita anauliza baridi ama moto.