TAHADHARI: Fundi wa milango ya motohomu hapa Houston, msimpe hela yenu

Jamani ndugu zangu wa Houston na Texas nzima, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote, naandika hii mikono inatetemeka kwa hasira, na aibu ninayo pia, maana kuna watu humu niliwapa namba ya huyu kijana nikawaambia ni mtu wa nyumbani na ana mkono mzuri. Ifuteni. Kama kuna kitu chako yuko nacho sasa hivi nenda kakichukue leo, usingoje kesho.

Motohomu, lile gari la kusafiria lenye nyumba ndani yake, mnaijua, ile ya 97 ya shemeji. Ilichokuwa inaniudhi ni milango ya ndani, wa choo na wa kabati la nguo. Lile ganda la vinili, plastiki nyembamba iliyobandikwa juu, lenye michirizi kama ya mbao lilikuwa limejikunja, mikunjo mirefu toka kwenye kitasa mpaka chini, ukibonyeza kwa kidole unasikia hewa ndani. Na mama anakuja mwezi wa nane, safari ya hifadhi ya Big Bend iko palepale, sikutaka mama alale humo ndani anaangalia milango imechakaa namna ile.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoingia. Alikuja saa aliyosema, hakuchelewa hata kidogo. Akavua viatu kabla hajapanda, wala sikumwambia. Mama alikuwa kwenye simu, video, akamwamkia shikamoo mama, wakaanza kuongea habari za Tanga, Ngamiani, nani anakaa wapi, mama akanambia huyu mtoto ana adabu. Halafu akatoa ile mashine ya kupuliza joto, akaichomeka, akapiga magoti mbele ya mlango wa choo. Akawa anapuliza pale chini ya kitasa, huku mkono mwingine una kadi ya plastiki amezungushia kitambaa, anaipitisha taratiibu kutoka katikati kwenda pembeni, na ile mikunjo naiona kwa macho yangu mawili inalala. Inalala kabisa! Akanambia dada shika. Nikashika, pamoto bado, laini, hakuna mkunjo hata mmoja. Watoto wakapiga makofi.

Akasema hapo nimekuonyesha tu dada, ikidumu ni wiki, ukitaka kazi ya miaka inabidi tubandue yote tuweke vinili mpya, na vinili yenyewe inaagizwa Elkhart, Indiana. Nikatafuta Elkhart kwenye simu hapohapo, na kweli ndo kitovu cha magari haya Marekani nzima, viwanda vimejaa huko. Sasa niambieni, mtu asiye fundi angeijua Elkhart ametoa wapi? Alinionyesha na picha za kazi zake, kabla na baada, motohomu tano sita. Bei dola 650, kianzio 450 ya kununulia vifaa, nikamtumia kwa Zelle, ile njia ya kutumiana hela ya benki kwa simu, amesimama pale pale. Akafungua milango kwenye bawaba, skrubu akazitia kwenye vifuko viwili vya plastiki na kuandika kwa kalamu CHOO, KABATI. Mtu anayeandika lebo kwenye skrubu zako utamshuku vipi? Yeyote kati yenu angetoa hela, msinambie nyinyi mngegundua.

Milango akairudisha jioni, giza limeshaingia, AC inaunguruma, ndani kuna zile taa za njano. Akaifunga. Jamani ilikuwa inang'aa! Nikampa 200 zilizobaki na chakula nikamfungashia.

Kesho yake mchana, jua la Houston la mwezi wa saba mnalijua, motohomu imefungwa haina AC, nikapanda kuchukua kitu nikakuta mlango wa choo umejivua wenyewe. Ganda limening'inia toka juu. Nikalivuta likaja lote mkononi, na nyuma yake lina vile vimistari vya kupimia vya buluu. Ni ile karatasi yenye gundi ya kubandika ndani ya droo za jikoni, inauzwa kwa rola dola chache! Chini yake vinili ya zamani iko vilevile, mikunjo ameipasua kwa kisu na kujazia puti, wala hata msasa hajapiga. Ya kabati ilishuka jioni yake.

Kupiga simu, haipokelewi. Ujumbe tiki moja. Kwa namba ya dada yangu akapokea, kusikia sauti yangu akakata. Na zile picha za kazi zake, binti yangu amezitafuta kwa picha, ni za Wazungu, za miaka iliyopita, wala sio Texas.

Ila kilichoniuma zaidi nilikijua nilipompelekea motohomu mzee mmoja Mmeksiko, fundi wa viti vya magari, anafanya kazi hizi tangu ujana wake. Hata hakugusa ganda kwanza. Alichukua bisbisi akaigusisha kwenye mbao pale chini ya mlango, ikazama bila nguvu yoyote, plaiwudi imekuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akanieleza milango hii ni plaiwudi nyembamba mno, milimita tatu hivi kila upande, katikati patupu au pana karatasi tu, na vinili imegundishwa juu yake kiwandani. Ikijikunja, au gundi imekufa kwa joto na miaka, au mbao imekunywa maji ikavimba. Akapanda juu ya paa, silanti, ile gundi ya kuzibia maji, kuzunguka feni ya choo imepasuka, maji yamekuwa yakiingia hapo na kushuka ukutani mpaka mlangoni. Na yule mshenzi alipaona! Pale pale palipooza ndo kashindilia puti nyingi kuliko kote. Alijua mbao inaoza akafunika, akala chakula changu akaenda.

Na ule mchezo wa joto, mzee alinifanyia tena mbele yangu kwenye mlango wa kabati. Vinili yoyote ukiipasha inalainika na kulala, ikipoa inarudi, maana nyuma hakuna kinachoishika. Kwa hiyo mtu akikuonyesha hivyo hajakuonyesha kitu. Kama mbao ni kavu na ni povu dogo unachana kwa wembe mpya kufuata mchirizi wa mbao, unaingiza gundi kwa sirinji, unapitisha rola, unakandamiza kitu kizito mpaka kesho. Kama ni kubwa unabandua yote, unasafisha gundi ya zamani, msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushikia), halafu ile gundi ya mafundi viatu, unapaka pande zote mbili unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole haing'ang'anii, ndo unabandika, na hapo hakuna kurekebisha, imeshashika imeshashika, na kingo unazikunjia nyuma. Lakini kwanza unaziba paa na kukausha mbao, bila hivyo yote ni bure. Mlango wangu wa choo hauponi, anatengeneza mwingine.

Hela benki wamesema kwa kuwa nilituma mwenyewe kwa hiari yangu, hairudi. Sawa. Ila simwachii. Huyu mtu anastahili kushtakiwa, anastahili picha yake ibandikwe kila duka la Kiafrika kuanzia hapa mpaka Dallas, anastahili asiingie harusi wala msiba wa mtu yeyote wa jamii yetu mpaka arudishe jasho la watu, maana nimeshasikia wengine wawili, mmoja ni mama mjane, yeye alipigwa kwenye kazi ya makochi, na wa pili anaona haya kusema. Msione haya! Ndo anachotegemea, kwamba tutanyamaza kwa sababu ni mtu wa kwetu! Kutumia shikamoo ya mama yangu kama funguo ya kuingilia kwangu, hilo simsamehei.

Nimeshamripoti FTC, shirika la serikali ya Marekani la kulinda walaji, reportfraud.ftc.gov, ni bure na haichukui muda, na kwa mwanasheria mkuu wa Texas upande wa walaji. Na mjue kuna sheria hapa Texas ya biashara za udanganyifu, DTPA, ipo toka 1973, ukithibitisha alifanya kwa kujua mahakama inaweza kumtoza mpaka mara tatu ya hasara yako. Unamwandikia notisi, unasubiri siku 60, unaenda mahakama ndogo ya madai, ile inayosikiliza mpaka dola 20,000, huhitaji wakili. Na alifanya kwa kujua, puti ninayo, nimeihifadhi pamoja na ile karatasi ya droo.

Najua mtauliza dalili za utapeli zilikuwa zipi. Jina lililotokea kwenye Zelle lilikuwa la mwanamke, akasema ni la mkewe. Gari halina jina la biashara. Risiti aliahidi kutuma, hakutuma. Hakugusa paa, hakuuliza kama inavuja, na fundi wa kweli anaanzia huko. Na kuleta kazi usiku. Mnaomfahamu mtamjua, gari jeupe la mizigo, kioo cha nyuma kina ufa, anazungukia sana kusini magharibi, anajiita kwa jina la utani tu.

Ninachohitaji sasa ni jina lake kamili na anapokaa. Notisi haiendi kwa namba ya simu, na mahakama haimfikishii karatasi mtu asiye na anwani. Yeyote aliyewahi kwenda kwake, aliyempangisha chumba, aliyemuuzia gari, aniandikie inbox, jina lako silitaji popote. Na wale wawili mliopigwa, tunzeni meseji zote na skrinishoti za Zelle, msifute hata moja, nitawapigia wikiendi hii tukae tupange twende pamoja.