Vyuma vya Mazoezi Nyumbani: Bei ya Kilo Moja, Kariakoo Hadi Gerezani

Mtu anayetafuta vyuma vya kufanyia mazoezi nyumbani jijini Dar es Salaam hukutana na bei ambazo mwanzoni ni vigumu kuzilinganisha. Boksi la plastiki lenye dambeli mbili za kufungua, yaani vyuma vifupi vya mkono mmoja ambavyo sahani zake za uzito huongezwa na kupunguzwa, uzito wa jumla kilo 20, nimelitajiwa bei ya shilingi 90,000 Kariakoo. Boksi jingine linalofanana nalo kwa sura likatajwa 140,000 katika duka la jirani. Na jozi ya dambeli za mpira, kilo 10 kila moja, ikafika 200,000 katika duka la vifaa vya michezo lililo ndani ya jengo kubwa la biashara. Uzito ni uleule katika hali zote tatu. Hizi ni bei za kuulizia kabla ya mapatano, na mnunuzi mwenye subira ataondoa kiasi, lakini uwiano kati yake haubadiliki sana: 4,500, 7,000 na 10,000 kwa kilo. Bei ya kilo moja ndiyo kipimo ambacho ningemshauri kila mnunuzi akitumie kabla ya kutazama rangi, jina la kampuni au uzuri wa boksi.

Boksi la bei ya chini lina sahani za plastiki zilizojazwa saruji. Saruji iliyoganda ina uzito wa takriban gramu 2.4 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina zaidi ya gramu 7, na kwa sababu hiyo sahani ya saruji huhitaji kuwa nene karibu mara tatu ili kufikia uzito wa sahani ya chuma yenye kipenyo kilekile. Unene huo hula urefu wote wa mpini, hivyo dambeli hujaa mapema, na mtu akishapata nguvu hana mahali pa kuongeza uzito. Plastiki nayo hupasuka pembeni ikiangushwa sakafuni, na saruji huanza kumwagika kama unga. Kwa mtu anayefanya mazoezi mepesi ya mikono na mabega, seti hii inatosha kabisa na sioni sababu ya kumzuia. Kwa anayekusudia kujenga misuli mwaka hadi mwaka, ni fedha itakayotumika mara mbili.

Dambeli za mpira zenye pembe sita ndizo bora kuliko zote nilizozishika. Hazibingiriki, haziharibu vigae, hazipigi kelele zinapowekwa chini, na hazimlazimu mtu kufungua na kufunga vibano vya kushikilia sahani kati ya zoezi moja na jingine. Tatizo lake ni kwamba kila uzito unanunuliwa peke yake. Anayetaka jozi za kuanzia kilo 5 hadi kilo 25, kwa kupanda kilo 2.5 kila hatua, atahitaji jozi tisa zenye uzito wa jumla wa kilo 270, na kwa bei ya 10,000 kwa kilo hizo ni shilingi 2,700,000, kabla ya kununua benchi na kabla ya kutafuta chumba cha kuziweka. Huo ni ununuzi wa ukumbi wa mazoezi wa kibiashara. Nyumbani, jozi moja au mbili za uzito unaotumika kila siku zinaweza kuwa na maana. Zaidi ya hapo, siipendekezi njia hii kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Chaguo linalobaki, na ambalo ninalipatia alama za juu, ni dambeli za kufungua zenye sahani za chuma cha kusubu, kama zile za boksi la 140,000. Mipini miwili hutumika kwa uzito wote, na kila kilo inayoongezwa baadaye ni sahani tu. Hata hivyo, mnunuzi akague mambo mawili papo hapo dukani. Kwanza, tundu la sahani: zipo za takriban milimita 25, zipo za karibu 28 au 30, na zipo za milimita 50 zinazoingia kwenye fimbo ndefu za aina ya Olimpiki, na sahani ya tundu dogo haiwezi kuvaa fimbo nene, wala ya tundu kubwa haikai imara kwenye mpini mwembamba. Anayenunua leo sahani za tundu moja na mwakani za tundu jingine atajikuta na mafungu mawili ya vyuma yasiyosaidiana. Pili, nyuzi za mpini, yaani michirizi kama ya parafujo ambamo vibano hufungwa: vibano vizungushwe hadi mwisho kwa mkono, kwa kuwa vikilegea wakati mtu amelala chali na uzito uko juu ya uso wake, madhara yake si ya kufidiwa na risiti.

Uzito wenyewe pia hauaminiki kwa kuandikwa tu. Katika mashindano, kanuni za kimataifa za kunyanyua vyuma huruhusu sahani ya zaidi ya kilo 5 izidi kwa asilimia 0.1 au ipungue kwa asilimia 0.05 peke yake, lakini bidhaa za kawaida za madukani hazitengenezwi kwa uangalifu huo. Nimepima sahani zilizochapwa kilo 5 na kukuta zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe kiasi cha mkono kutambua. Kuomba mizani kabla ya kulipa ni haki ya mnunuzi, na muuzaji mwema hakasiriki.

Hapo ndipo Gerezani, eneo la mafundi wa chuma jirani na Kariakoo, inapostahili kusifiwa. Fundi mwenye bamba la chuma na mtungi wa gesi ya kukatia anaweza kumkatia mteja sahani za vipimo anavyovitaka, na hesabu yake haifichiki: duara la chuma lenye kipenyo cha sentimita 20 na unene wa milimita 20 lina uzito wa karibu kilo 5, na lenye kipenyo cha sentimita 40 na unene wa milimita 10 hukaribia kilo 10. Bei niliyopewa, pamoja na kukata na kutoboa tundu, ilikuwa kati ya 4,000 na 5,000 kwa kilo, yaani sawa na boksi la saruji la Kariakoo. Kasoro zipo. Kingo hutoka na makali na lazima zisagwe, tundu lisipokuwa katikati dambeli hulalia upande mmoja, na kwa hewa yetu ya bahari yenye chumvi, chuma kisichopakwa rangi ya kuzuia kutu hubadilika rangi ndani ya muda mfupi. Fundi aelezwe yote haya kabla ya kazi kuanza, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya kupima.

Wapo wanaodhani kuagiza kutoka nje kwa njia ya mtandao kutawaokoa. Usafiri wa ndege hutozwa kwa uzito, na hapa uzito ndio bidhaa yenyewe. Kisha mzigo ukifika unakutana na ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Vyuma vilivyotumika ni afadhali mara nyingi, kwa kuwa kilo 10 za chuma hubaki kilo 10 hata baada ya miaka 20, na kutu ya juu huondoka kwa msasa na brashi ya waya.

Fimbo ndefu ya Olimpiki, ambayo peke yake ina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, ningeiacha kwanza, kwa sababu vyumba vingi vya kupanga havina upana wa kuigeuza.

Kwa anayeanza, ningependekeza boksi la chuma la 140,000, kisha sahani nne za kilo 5 kutoka Gerezani kwa takriban 90,000, baada ya kuhakikisha kwamba mpini una nafasi iliyobaki na kumpelekea fundi sahani moja ya mfano wa tundu. Jumla ni 230,000 kwa kilo 40, sawa na 5,750 kwa kilo, na kila mkono unapata dambeli ya kilo 20. Benchi la mbao ngumu au la bomba la kuchomelea likiongezwa kwa 120,000, gharama yote inafika 350,000. Ukumbi wa mazoezi wa mtaani kwetu hutoza 60,000 kwa mwezi, hivyo fedha hiyo inarudi kabla ya mwezi wa sita kwisha, mradi vyuma vinanyanyuliwa.